Kioo na Kitanda cha Miaka ya 1950: Mnunuzi wa Kampala Atazame Nini

Katika maduka na vibanda vya samani zilizotumika jijini Kampala, maneno “ya zamani”, “ya Uingereza” na “orijino” hutajwa kwa mkupuo mmoja, kana kwamba yote matatu yana maana ileile, na hapo ndipo mnunuzi anapoanza kupotea. Meza ya kujipambia yenye miguu myembamba iliyochongoka kuelekea chini huenda iliundwa High Wycombe, mji wa viwanda vya samani nchini Uingereza, mwaka 1958, huenda iliundwa Jinja mwaka 1964, na huenda iliundwa uani mwa duka hilohilo mwezi uliopita. Zikipangwa sako kwa bako na kupakwa vanishi ya aina moja, jicho la haraka haliwezi kuzitenganisha. Mtu anayeuliza “hii ni orijino?” kwa kweli anauliza maswali matatu: kitu hiki kilitengenezwa lini, kimefuata mtindo gani, na kimeundwa kwa ufundi wa kiwango gani. Majibu ya maswali hayo hayafuatani. Kabati la mwaka 1955 laweza kuwa lilikuwa bovu tangu siku lilipotoka karakanani, na la juzi laweza kuwa na mtindo sahihi na viungo imara. Kwa mtu anayetafuta kioo, kitanda au kabati la nguo la mtindo wa katikati ya karne ya 20 kwa ajili ya chumba atakachokitumia kila siku, swali la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote, na kwa bahati mbaya ndilo linaloulizwa mwisho.

Tuanze na mtindo, kwa kuwa ndio unaoonekana kwanza na ndio rahisi zaidi kuigwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mbao zilikuwa haba Ulaya, nyumba nyingi mpya zilikuwa ndogo, na viwanda vilikuwa vimejifunza wakati wa vita namna ya kukunja plaiwudi na kutumia gundi za kemikali. Nchini Uingereza, tangu 1942 hadi 1952, serikali ilidhibiti utengenezaji wa samani kwa mpango ulioruhusu miundo michache tu, isiyo na nakshi lakini yenye viungo madhubuti; alama yake ni herufi CC zikifuatwa na tarakimu 41. Vizuizi vilipoondolewa, kampuni ya E. Gomme ya High Wycombe ilianzisha samani za G-Plan mwaka 1953, ikauza kipande kimoja kimoja kinachooana na vingine badala ya kumlazimisha mteja kununua seti nzima. Denmark kulikuwa na Hans Wegner, Finn Juhl na Børge Mogensen. Marekani kulikuwa na Charles na Ray Eames pamoja na George Nelson, ambao kazi zao zilitengenezwa na kampuni ya Herman Miller. Walitofautiana kwa mengi, ila kabati la mkondo huo hutambulika kwa miguu inayoliinua kutoka sakafuni, kwa nyuso tambarare zinazoacha mistari ya mbao iwe ndiyo pambo, na kwa mishikio iliyochimbwa katika ubao wa droo wenyewe. Chumbani, mtindo huo ulileta vitanda vya chini, mbao ndefu za kichwani zenye vimeza viwili vilivyoshikamana nazo, na meza za kujipambia zenye kioo kimoja kipana au vitatu, viwili vya pembeni vikifunguka kwa bawaba.

Mtindo huo haukuletwa Uganda na makontena ya bidhaa zilizotumika ya miaka ya karibuni. Jengo la Makumbusho ya Uganda katika barabara ya Kira, lililofunguliwa mwaka 1954, lilibuniwa na Mjerumani Ernst May, mmoja wa wasanifu wakubwa wa usanifu wa kisasa wa Ulaya, ambaye aliishi Afrika Mashariki kwa karibu miaka 20. Ukumbi wa Taifa wa Maigizo ulifunguliwa mwaka 1959. Nyumba za maofisa Entebbe, Kololo na Nakasero, na za wahadhiri Makerere, zilihitaji vitanda na makabati. Baadhi yake yaliagizwa Uingereza, yakaja kwa meli hadi Mombasa na kwa reli kutoka hapo, na mengine yaliundwa hapahapa. Agosti 1972, serikali ya Idi Amin ilipowapa Waasia siku 90 kuondoka nchini, maelfu ya familia ziliacha nyumba na sehemu kubwa ya vilivyokuwamo. Hiyo ni moja ya sababu zinazofanya samani hizi zisiwe na karatasi za asili: zilihama kutoka mtu hadi mtu bila risiti, na leo kabati la mwaka 1960 laweza kuonekana Mbale, Masaka au Jinja katika nyumba ambayo hakuna anayekumbuka lilifikaje.

Samani zilizoundwa Uganda katika miaka hiyo ndizo ninazozitetea zaidi, na ndizo zinazodharauliwa zaidi sokoni. Mafundi wa karakana za serikali na za misheni, na mafundi wa Kisikh waliokuwa na karakana zao mijini, walichukua umbo lililokuwa likivuma Uingereza wakalijenga kwa mvule na mahogani. Mahali ambapo kiwanda cha High Wycombe kiliweka plaiwudi au chipibodi, yaani ubao wa punje za mbao zilizobanwa kwa gundi, na kuifunika kwa ngozi nyembamba ya mbao ya thamani, fundi wa Uganda mara nyingi aliweka mvule mtupu, kwa sababu mvule ulikuwapo. Kazi yake haina lebo wala jina la mbunifu, kwa hiyo muuzaji huiweka nyuma ya duka na kuiuza kwa bei ndogo kuliko kabati la chipibodi lenye kibandiko cha Uingereza. Mnunuzi anayejua kutazama apitie kwanza huko nyuma. Mti wa mvule unaoweza kutoa ubao mpana usio na kiungo umekuwa adimu, na mlango wa kabati la zamani uliotengenezwa kwa ubao mmoja wa namna hiyo hauwezi kurudiwa kirahisi na fundi yeyote wa leo, hata awe hodari kiasi gani.

Kuitambua mbao ni jambo linalowezekana, ingawa wauzaji wengi huita kila ubao wa kahawia yenye dhahabu “tiki”. Usiitazame sehemu iliyopakwa vanishi. Tazama chini ya droo, upande wa ndani wa mguu, au mgongoni mwa kabati, mahali ambapo mbao imeachwa wazi. Msaji, ambao ndio tiki wa kweli, una mafuta yake yenyewe. Ukiupapasa kidole huhisi utelezi, na ukiukwaruza kidogo hutoa harufu inayokaribia ya ngozi iliyotiwa dawa. Mvule nyuzi zake hupishana, hivyo ukiutazama huku ukisogea, mikanda yake hubadilika kutoka angavu kuwa ya giza. Na katika ubao uliopasuliwa kwa upana huonekana vijistari vyepesi vya rangi hafifu vinavyokwenda kwa pembepembe. Wapasua mbao wanaufahamu pia kwa vijiwe vyeupe vya chokaa vinavyojificha ndani yake na kuua makali ya msumeno. Afromosia, mbao ya misitu ya Afrika Magharibi na Kongo ambayo viwanda vya Uingereza viliitumia sana katika miaka ya 1960 badala ya msaji, ni laini zaidi kwa kutazama, nayo huwa na madoa meusi pale ambapo msumari wa chuma ulikutana na unyevu. Mahogani huelekea wekundu. Hakuna hata moja kati ya hizo nne ambayo ni aibu kuwa nayo chumbani. Kosa ni kulipia moja kwa bei ya nyingine.

Hapa lazima niondoe dhana iliyoenea sana, kwamba kitu cha kweli ni cha mbao tupu na kwamba vinia ni dalili ya ughushi. Sivyo. Sehemu kubwa ya makabati mazuri ya Denmark na Uingereza ya miaka ya 1950 na 1960 yalitengenezwa kwa vinia, yaani ngozi nyembamba ya msaji au mbao nyingine iliyogundishwa juu ya plaiwudi au ubao wa vipande, huku miguu, kingo na mishikio ikiwa ya mbao tupu. Ubao mpana mtupu hujikunja na kupasuka hewa inapobadilika, na vinia iliyolazwa vizuri hutulia. Ilikuwa pia njia ya kuutumia mti mmoja wenye mistari mizuri kufunika milango minne inayofanana. Swali la kuuliza ni juu ya nini vinia hiyo imelazwa. Kuanzia miaka ya 1960 viwanda vingi vilihamia chipibodi, ambayo hubeba mzigo vizuri ikiwa kavu na kuvimba bila kurudi ikilowa. Pitisha kidole kwenye ukingo wa chini wa ubavu wa kabati, karibu na sakafu: ukikuta umevimba na kutoa punje, liache, hata kama lina lebo maarufu. Ukikuta MDF, ule ubao wa unga uliobanwa usio na nyuzi wala punje, ujue umri unaotajwa hauwezi kuwa wa kweli kwa sehemu hiyo, kwa maana MDF ilianza kutengenezwa kibiashara Marekani katika miaka ya 1960 na kuenea kwingineko baadaye sana.

Vinia nayo isichanganywe na karatasi iliyochapwa picha ya mbao. Mistari ya mbao halisi hairudii umbo lake. Ya karatasi hujirudia, na ukiitafuta kwa subira utaona doa lilelile mara mbili kwenye mlango mmoja.

Sehemu inayosema kweli kuliko zote ni droo. Mwombe muuzaji ruhusa, itoe yote, uigeuze, uilaze juu ya meza penye mwanga. Pembeni, pale ubao wa mbele unapokutana na wa ubavuni, tafuta meno yaliyochongwa yakiwa mapana nchani na membamba shinani, ya ubao mmoja yakiwa yamekaa katikati ya ya mwingine, kiasi kwamba droo haiwezi kung'oka mbele hata gundi ikiisha nguvu. Meno yanayolingana sawasawa yamekatwa na mashine, na hayo ndiyo ya kutarajia katika kazi ya kiwandani ya miaka ya 1950. Yanayotofautiana kidogo yamekatwa kwa mkono, nayo ndiyo ya kutarajia katika kazi ya fundi wa Uganda. Droo iliyounganishwa kwa misumari peke yake haijaandaliwa kudumu, iwe ya zamani au mpya. Kitako cha droo kiwe kimeingia katika mfereji uliochimbwa kwenye kuta za pembeni na ubao wa mbele, wala si kupigiliwa kwa chini pande zote. Kisha tazama njia ambamo droo hupita: miaka 60 ya kuvuta na kusukuma huacha mbao imelika na kung'aa mahali pale tu pa kusuguana, na ulikaji huo ni mgumu kuughushi kwa msasa, kwa sababu msasa husugua pote. Rangi ya ndani nayo ni shahidi. Mtengenezaji wa zamani hakupoteza rangi mahali pasipoonekana. Mbao iliyoachwa wazi imekuwa ya giza kwa hewa na vumbi, zaidi karibu na mwanya wa mlango na kwa kiasi kidogo kule ndani. Ukikuta ndani na nje pamepakwa rangi moja ya kahawia iliyokolea, uliza ni nini kinachofichwa.

Lebo husaidia, ila ije baada ya hayo yote. Samani za G-Plan za miaka ya mwanzo huwa na mhuri wa E. Gomme ndani ya droo, na za Denmark nyingi zina alama ya duara yenye maneno “Danish Furnituremakers' Control”. Kibandiko hubanduka na kubandikwa kwingine kwa urahisi. Skrubu nazo zisitumiwe kama hakimu: zenye mfereji mmoja kichwani zilitawala kazi za Uingereza kwa muda mrefu, lakini zenye msalaba zilikuwapo tangu miaka ya 1930, na skrubu hubadilishwa na fundi yeyote anayekaza mguu uliolegea.

Kioo kinahitaji maelezo yake peke yake, kwa kuwa dalili zake za umri husomwa vibaya kuliko za mbao. Sura tunayoiona haitoki katika bamba la kioo lenyewe, bali katika tabaka jembamba mno la fedha lililolazwa mgongoni mwake. Njia ya kuilaza fedha hiyo kwa kemikali ilivumbuliwa na mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1835, ikachukua nafasi ya bati na zebaki iliyokuwa imetumika kwa karne nyingi. Juu ya fedha hiyo vioo vingi vya karne ya 20 vina tabaka la shaba, na juu ya shaba kuna rangi ya kinga. Unyevu ukipenya kutoka ukingoni, fedha huharibika na kuwa nyeusi, na hayo ndiyo madoa ambayo wauzaji huyaonyesha kama cheti cha kuzaliwa. Madoa yanaeleza zaidi mahali kioo kilipokaa kuliko miaka kilichokaa. Kioo cha miaka 10 kilichotundikwa bafuni Entebbe, karibu na ziwa, chaweza kuwa na madoa mengi kuliko cha mwaka 1956 kilichokaa katika chumba kikavu.

Mawimbi nayo huleta mkanganyiko. Watu husema kioo kinachopindapinda sura ni cha kale sana na kinachoonyesha sura iliyonyooka ni kipya. Ukweli una sehemu mbili. Kabla ya Alastair Pilkington na kampuni yake ya Uingereza kutangaza mwaka 1959 njia ya kumimina kioo kikaelea juu ya bati iliyoyeyuka, kulikuwa na kioo cha bei nafuu kilichovutwa kikiwa moto, ambacho kilibaki na mawimbi, na kulikuwa na kioo cha gharama kilichosagwa na kung'arishwa pande zote mbili, ambacho kilinyooka kabisa. Meza nzuri ya kujipambia ya mwaka 1955 ilipewa kile cha pili. Kwa hiyo sura iliyonyooka haikanushi umri, na sura inayopinda huenda inasema tu kwamba mtengenezaji alibana matumizi.

Unene ni kipimo bora kuliko hivyo viwili. Gusisha ncha ya ufunguo kwenye uso wa kioo, kisha tazama mwanya kati ya ncha hiyo na sura yake inayoonekana ndani ya kioo. Kadiri mwanya ulivyo mpana ndivyo kioo kilivyo kinene. Vioo vizuri vya zamani vya Uingereza vilikuwa vya robo inchi, yaani takriban milimita 6, ilhali vioo vingi vya bei ndogo vinavyokatwa madukani leo ni vya milimita 3 au 4. Fremu ya zamani iliyowekewa kioo kipya chembamba hugonga ukiitikisa kidogo, kwa sababu mfereji wake ulichimbwa kwa kioo kinene. Igeuze fremu utazame mgongo: ubao wa nyuma uwe umechakaa sawa na fremu, misumari iwe na kutu ya umri mmoja, na alama za minyororo au ndoano za awali zionekane. Mimi, katika kioo cha kutundika ukutani, napendelea kile cha asili chenye madoa machache pembezoni, maana ndicho kinachofanya kitu hicho kiwe cha wakati wake. Katika meza ya kujipambia, ambapo mtu anahitaji kujiona vizuri kila asubuhi, kioo kilichobadilishwa hakinisumbui mradi bei imekubali hivyo.

Maumbo ya vioo vya miaka hiyo ni machache na yameigwa kupita kiasi. Kipo cha duara kinachoning'inia kwa mkanda wa ngozi, alichobuni Mfaransa Jacques Adnet, ambacho kinatengenezwa kiwandani hata leo. Kipo cha jua lenye miale ya chuma au ya mbao iliyopakwa dhahabu. Kipo cha mstatili cha Denmark chenye fremu nyembamba ya msaji na kirafu kidogo chini yake, ambacho kwa maoni yangu ndicho kinachofaa zaidi chumba kidogo. Wafua vyuma wa Katwe wanaweza kukuundia kioo cha jua kizuri kabisa, na kukinunua kwao ni jambo la heshima. Shida huanza pale kinapopita mikono ya wachuuzi wawili na kuibuka kwenye duka la kifahari kikidaiwa kuwa cha Ufaransa.

Kitanda kina tatizo ambalo wengi huligundua wakishafika nacho nyumbani: godoro. Kitanda cha watu wawili cha Uingereza cha miaka ya 1950 kina upana wa futi 4 na inchi 6 na urefu wa futi 6 na inchi 3, yaani sentimita 137 kwa 190, na cha Marekani ni hivyohivyo. Magodoro ya Uganda huuzwa kwa futi kamili: 4 kwa 6, 5 kwa 6, 6 kwa 6. La futi 4 litaacha mwanya wa sentimita 15 kwa upana na karibu 8 kwa urefu. La futi 5 halitaingia. Njia iliyo safi ni kuagiza sponji ikatwe kwa kipimo cha kitanda, na bei yake ijumlishwe katika bei ya kitanda kabla ya kukubaliana na muuzaji. Njia nyingine ni fundi kuunda mbavu na chaga mpya huku ubao wa kichwani ukiachwa ulivyo, na mbavu za awali zikihifadhiwa zisije zikachomwa. Uulize pia kama unachouziwa ni kitanda kizima, kwa kuwa Waingereza wengi walinunua ubao wa kichwani peke yake na kuufunga kwenye sanduku la chini linalobeba godoro, na ubao huo ndio unaosafiri hadi kwetu. Chaga za zamani hazikukusudiwa sponji laini. Ongeza chache katikati na mguu wa kuzishikilia. Vitanda hivi havina nguzo za chandarua, hivyo panga mapema mahali pa kukitundika darini.

Kunguni hujificha katika viungo vya vitanda vya mbao na katika matundu ya skrubu, na alama yao ni vidoa vyeusi kama vya wino. Kitanda kifunguliwe chote kabla hakijaingia chumbani na viungo vyake vipitishiwe mvuke, kwa kuwa joto la nyuzi 50 za Selsiasi na zaidi huwaua pamoja na mayai yao, ila mvuke usielekezwe kwenye vinia. Kwa wadudu wanaotoboa mbao, tandika gazeti chini ya kabati usiku kucha. Unga mpya wa rangi hafifu asubuhi maana yake wako hai. Matundu yasiyo na unga mara nyingi ni makovu ya zamani.

Baada ya kununua, hatari kubwa kuliko wadudu ni matengenezo ya haraka. Mafundi wa Nsambya na Bwaise ni hodari wa kuunda vitu vipya, na wengi wamezoea kwamba samani ikiletwa inatakiwa ipigwe msasa wa mashine kisha vanishi ya kung'aa hadi mtu ajione. Vinia ya miaka hiyo mara nyingi haifikii unene wa milimita moja, na dakika chache za mashine huipita ikafika kwenye plaiwudi, mahali ambapo hakuna rangi inayoweza kulificha kosa. Mwambie fundi kwa maneno ya wazi, kabla hajagusa chochote, kwamba unataka usafi kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, kisha mafuta ya mbao yapakwe membamba na kufutwa. Vinia iliyoinuka pembeni hurudi mahali pake kwa gundi na kibano, na kama iligundishwa kwa gundi ya ngozi ya mnyama, pasi yenye moto wa wastani juu ya kitambaa chenye unyevu huilainisha gundi hiyo ikashika tena. Samani iliyopakwa rangi ya mafuta kabla ya miaka ya 1970 isipigwe msasa nyumbani penye watoto, kwa kuwa rangi za wakati huo mara nyingi zilikuwa na risasi.

Kuhusu mahali pa kutafuta, maduka ya mjini yaje mwisho. Taasisi za umma Uganda huuza mali zilizochakaa chini ya sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali za umma ya mwaka 2003, kwa kawaida kwa mnada unaotangazwa magazetini, na huko makabati ya mvule ya hospitali na vyuo huuzwa kwa mafungu pamoja na mabati na viti vilivyovunjika. Wageni wanaomaliza mikataba yao huuza vya nyumbani kwa haraka. Nyumba za mapadri na za walimu wa shule kongwe mikoani zina vitanda ambavyo wenyewe wanatamani kuvibadilisha kwa vipya. Ukienda huko, lipa bei ya haki, kwa maana anayekuuzia hana habari za bei za Kololo.

Anayefikiria kuagiza nje afanye hesabu kwanza. Tangu Julai 2022 samani zimo katika tabaka la juu la ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, asilimia 35. Kabati ambalo thamani yake pamoja na usafiri na bima hadi Mombasa ni shilingi 1,000,000 litatozwa ushuru wa 350,000, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu ya jumla ya 1,350,000, ambayo ni 243,000. Hiyo ni 593,000 kabla ya tozo nyingine, malipo ya wakala na lori la kutoka Mombasa. Wapo wanaoambiwa kwamba vitu vya kale havitozwi kama samani za kawaida. Kifungu hicho cha forodha kinahusu vitu vilivyozidi miaka 100, na kitanda cha mwaka 1955 hakijafika huko. Kioo kinachosafiri peke yake huwekwa katika kifungu cha vioo, si cha samani, hivyo wakala akutajie mapema kiwango chake. Samani za mbao ya waridi ya Brazili zina sharti zito zaidi: mti huo uko chini ya ulinzi wa juu kabisa wa mkataba wa kimataifa wa CITES, unaohusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, tangu 1992, na kuuvusha mpaka bila vibali huishia kwa mali kutaifishwa.

Kwa mizigo ya ndani ya nchi, kabati na kitanda husafiri vizuri kwenye pikapu vikiwa vimefungwa mablanketi, droo zikitolewa na kubebwa kando. Kioo kisilazwe kamwe. Kisimamishwe kwa ukingo wake mrefu, kiegemezwe godoro, kifungwe kisicheze, kwa kuwa kikilazwa shimo moja la barabarani linatosha kukipasua katikati. Kabla ya kukitundika, hesabu uzito wake: kila mita ya mraba ya kioo ina kilo 2.5 kwa kila milimita ya unene, hivyo kioo cha milimita 6 chenye ukubwa wa mita moja ya mraba kina kilo 15 bila fremu. Ndoano moja iliyopigiliwa kwenye plasta haitoshi. Toboa hadi kwenye tofali katika sehemu mbili zilizo kwenye usawa mmoja, tia plagi na skrubu ndefu, kisha weka vipande viwili vya mpira nyuma ya fremu chini, ili hewa ipite kati ya ukuta na mgongo wa kioo na unyevu wa ukuta usiifikie fedha.